Daftari Lisilo na Kosa

Wahenga wetu hawakumlaumu mzazi kwa kuwa na moyo mwororo. Walijua kwamba huruma ni neema, na kwamba nyumba isiyo na huruma haina tofauti na pango la fisi. Lakini waliona pia kuwa ipo huruma inayomwogopa mtoto badala ya kumpenda. Huruma inayomwacha achezee wembe kwa sababu akinyang'anywa atalia. Ndipo wakatuachia methali isemayo, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Kisa cha Mwalimu Yeremia Komora kinaionyesha methali hii jinsi ilivyo, nacho si kisa cha mtu mbaya.

Komora alikuwa Mpokomo, mzaliwa wa ukingo wa mto Tana, mahali ambapo watu hupanda mpunga na migomba na kumwamini Mungu kwa nyimbo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ndogo, na tangu utotoni alichukia kuona mtu akiaibishwa mbele ya wenzake. Mwalimu wake wa darasa la tatu alimsimamisha juu ya dawati kwa kushindwa kusoma, na darasa zima likamcheka. Siku ile aliapa kwamba yeye akiwa mwalimu, hakuna atakayechekwa.

Mwaka wa 1996 alipelekwa kufundisha Kiingereza katika kambi moja ya wakimbizi nje ya Dadaab, nchi ya mchanga mwekundu na miiba, walikokimbilia Wasomali walioponea vita. Shirika lililomwajiri lilikataza mahubiri ya aina yoyote, naye hakuona ubaya. Mchungaji wake wa Garissa alikuwa amemwambia siku ya kuagana, "Ndugu Komora, kule hutahubiri kwa mdomo. Maisha yako ndiyo yatakayokuwa mahubiri." Maneno hayo aliyatunza kama mboni ya jicho. Alipanga foleni ya maji kama watu wengine wote. Mwezi wa Ramadhani hakuonekana akinywa hata funda la maji mchana. Wagonjwa aliwatembelea, wafiwa aliwapa pole, na Jumapili alisali peke yake hemani, kwa sauti isiyomfikia jirani. Watu wakampenda. Wakamwita Maalim.

Hata hivyo, darasa la wanawake alilopewa alilikuta limekufa. Mwalimu aliyemtangulia alikuwa na desturi ya kusahihisha kwa wino mwekundu. Penye jibu sahihi aliweka alama ya vema, na penye kosa aliweka ile mistari miwili inayopishana kama mkasi. Mama mmoja alifungua daftari la binti yake akaona kurasa zimejaa misalaba myekundu. Habari ikatapakaa kambini kama moto wa nyasi kavu: yule Mkristo anabatiza binti zetu kwa kalamu! Kesho yake darasani walibaki mijusi tu.

Mzee Abdimalik, mkuu wa mtaa ule wa kambi na mwalimu wa dugsi, yaani chuo cha Kurani, ndiye aliyemwendea Komora. Alikuwa mzee mkavu, mwenye ndevu zilizopakwa hina.

"Maalim," alisema, "wanawake wetu nataka ijue Kiingereza. Daktari ni ya Kiingereza, ofisi ni ya Kiingereza. Fundisha. Lakini misalaba, hapana."

"Sitaweka hata mmoja, mzee," Komora akaahidi.

Ahadi ile ilikuwa rahisi kuitimiza. Angeweza kuzungushia kosa duara. Angeweza kulipigia mstari, au kulisema kwa mdomo. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Komora aliogopa kwamba alama yoyote ya kosa, ikitoka kwenye mkono wa Mkristo, ingezua neno. Tena aliwaza: wanawake hawa wamezika waume na watoto njiani, nani mimi niwaambie wamekosea? Basi akaweka alama za vema. Mwanzoni aliziweka penye majibu sahihi, na makosa akayapita kimya. Baadaye, alipoona mwanafunzi akinyong'onyea kwa jibu lililoachwa tupu, akaweka vema na hapo pia. Madaftari yakapendeza. Yalikuwa kama shamba lililoota magugu yanayofanana na mpunga, na mwenye shamba akapita akilisifia.

Darasa likafufuka. Wanawake walijaa chini ya mabati wakasoma kwa pamoja, kwa sauti ya kupanda na kushuka, kama walivyozoea kusoma Kurani utotoni. Walikariri ukurasa mzima bila kuangalia kitabu. Waliopita nje walisimama kusikiliza.

Aliyejulikana zaidi kwa ucheshi alikuwa Shamso, mke wa kijana mmoja aitwaye Deeq, mwanamke mnene wa uso na mwepesi wa ulimi ambaye, kama Wasomali wengi, mara nyingi aliitamka p kama b na v kama f.

"Maalim, leo umefaa shati ya arusi," alimwambia asubuhi moja. "Bibi iko wapi?"

"Bado natafuta, Shamso."

"Tafuta mbio! Mwanaume bila bibi ni kama hema bila kamba. Ubebo kidogo tu, kwisha!"

Darasa likaangua kicheko, na Komora akacheka nao mpaka machozi yakamtoka.

Aliyejulikana kwa kukariri alikuwa Ugbad. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, aliyewapoteza wazazi wake njiani walipokuwa wakitoka Kismayu, na sasa alikuwa baba na mama wa wadogo zake wawili. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Ukimsomea hadithi ya Kiingereza mara mbili, mara ya tatu alikusomea yeye. Lakini Komora alijua kitu ambacho wengine hawakukijua. Alipomuuliza Ugbad swali kutoka katikati ya hadithi, nje ya mpango wake, macho ya msichana yalitulia kama maji ya kisima, naye alijibu, "Yes, teacher." Kila swali, jibu lilikuwa hilo hilo. Komora alitabasamu, akasema vizuri sana, akaenda kwa mwingine.

Jioni alizoea kupita karibu na dugsi ya Mzee Abdimalik. Siku moja alimwona mzee amemzuia mtoto mmoja kwenye aya ile ile, ubao wa mbao magotini. Mtoto alikosea, akarudishwa. Akakosea tena, akarudishwa tena, huku kijiti cha mzee kikigonga ardhi. Machozi yalimlengalenga. Komora aligeuka aende zake, moyo ukimuuma. Hakusubiri kuona yule mtoto alipoipata aya yake, akaruka juu kwa furaha na kukimbilia nyumbani.

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1997 mvua ikaanza kunyesha, ile mvua ambayo Wakenya wote waliiita Elnino. Nchi iliyokuwa ikililia maji sasa ikazama ndani yake. Barabara ya Garissa ikakatika, malori yakakwama, mbuzi wakafa kwa makundi, na kipindupindu kikaingia kambini. Mkalimani wa zahanati naye alikuwa ameondoka kabla ya mvua. Daktari, mwanamke wa makamo kutoka ng'ambo asiyejua Kisomali wala Kiswahili, akamwendea Komora darasani, akiwa na matope hadi magotini.

"Nipe mwanafunzi wako mmoja anisaidie kutafsiri," alimwambia kwa Kiingereza. "Wote wananitajia Ugbad. Wanasema daftari lake halina kosa. Je, ataweza?"

Ugbad alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ncha ya shali yake. Huenda hakuyaelewa maneno yote, lakini jina lake alilielewa, na tumaini lilikuwa limeuangaza uso wake. Kazi ile ilikuwa na chakula cha wadogo zake ndani yake, na heshima ambayo yatima haipati kwa urahisi.

Komora alifundishwa tangu akiwa mtoto kwamba ndiyo ya Mkristo haina budi kuwa ndiyo, na siyo yake iwe siyo. Alilijua jibu la kweli. Lakini aliona pia jinsi uso ule utakavyozimika, mbele ya darasa zima, kwa neno lake.

"Ataweza," alisema.

Wiki za kwanza mambo yalikwenda vyema. Maswali ya daktari yalikuwa yale yale: Unaumwa wapi? Tangu lini? Unatapika? Ugbad aliyakariri yote kama aya, na watu wakamsifu. Alianza kutembea kichwa juu. Komora alipomwona hivyo, alijipongeza moyoni. Aliona kwamba upole wake umezaa matunda.

Adhuhuri moja ya Novemba mvua ilitulia kidogo. Komora aliwaaga wanafunzi mapema, kwa kuwa darasa lilipooza, Shamso hakuwapo. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imetimu, na tangu jana alikuwa zahanati. Mwalimu alipofika huko alimkuta Deeq ameketi nje juu ya dumu la maji, akisugua meno kwa mswaki wa mti, ametulia.

"Asalaam aleikum, Deeq. Mke wako vipi?"

"Aleikum salaam, maalim. Iko ndani. Toto imekataa toka. Lakini alhamdulillahi, daktari anasema tungoje tu. Ndege italeta dawa."

"Nani amekuambia hivyo?"

"Ugbad."

"Ndege gani, Deeq?"

"Si ile ilikuja asubuhi? Iko uwanja."

Komora aliinua uso. Ngurumo ya injini ilikuwa imeanza kusikika nyuma ya miiba. Ndege ndogo ilijitokeza, ikapanda, ikainama upande wa Garissa, kisha wingu zito likaimeza. Deeq aliitazama na mswaki wake mdomoni. Polepole, utulivu ukamtoka usoni.

Komora aliingia zahanati mbio. Alimkuta daktari ameinama juu ya mgonjwa wa kipindupindu. Alipoulizwa kuhusu Shamso, alisimama wima kama aliyechomwa.

"Mtoto amekaa vibaya. Lazima apasuliwe, na hapa hatuwezi," alisema. "Nilimwambia Ugbad wampeleke uwanjani haraka, wasingoje kitu. Rubani alivumilia mpaka akaogopa mawingu. Nikadhani mume amekataa. Wengi wanaukataa upasuaji." Akamgeukia msichana. "Nilikueleza, Ugbad. Ulisema ndiyo."

Ugbad alikuwa amejibanza ukutani.

"Ulielewa alichokwambia?" Komora akamuuliza kwa Kiswahili.

"Nilisikia ndege. Nilisikia Garissa. Zingine zilikuwa mbio."

"Mbona hukumwomba arudie?"

Ugbad alimwinulia macho. "Kurudia?" alisema. "Kwa darasa yako, maalim, mimi nilirudia lini?"

Neno lile lilimwingia Komora kama mwiba wa mgunga, ule unaoingia mzima na kukatikia ndani.

Walimlaza Shamso kwenye godoro nyuma ya gari la zahanati, Deeq akimshika kichwa, na wanawake wawili wakimkinga na turubai. Komora alikaa karibu na dereva, wakashika barabara ya Garissa ingawa walijua imekatika, kwa kuwa njia nyingine haikuwapo. Waliteleza katika matope, wakasukuma, wakaenda, hata wakafika kwenye laga, lile bonde kavu ambalo siku zote magari hulivuka bila kupunguza mwendo. Sasa lilikuwa mto. Maji ya rangi ya udongo yalipita kwa kishindo, yakibeba magogo na mizoga ya mbuzi. Dereva alizima injini. Hakuna aliyemwambia avuke, na hakuna aliyemwambia arudi.

Komora alishuka akaenda nyuma ya gari. Uso wa Shamso ulikuwa umepauka kama majivu, lakini alimtambua.

"Maalim," alinong'ona. "Ubebo umekuja."

Hakusema tena. Kabla ya sala ya alasiri alikuwa amekata roho kando ya maji yale, na mtoto wake tumboni. Kilio cha Deeq kilikuwa kifupi, sauti moja tu kama ya mnyama aliyenaswa, kisha akamfunika mkewe uso kwa shali.

Walimzika siku ile ile. Komora alisimama mbali, nje ya uzio wa miiba wa makaburi, mvua ikimlowesha. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwita.

Baada ya mazishi ndipo maneno yalipoanza. Korane, kaka mkubwa wa Deeq, alisema Ugbad amewauza kwa ulimi asiokuwa nao. Alitaka msichana huyo na wadogo zake waondolewe mtaani, waende wanakojua. Wale waliomsifu jana walipita mbele ya hema lake leo wakitema mate. Hakuwa na baba wa kumsemea wala ukoo wenye sauti. Mkataa pema pabaya panamwita, watu walisema, ingawa msichana yule hakuwa amekataa pema popote. Alikuwa ameitwa, akaitika.

Komora alipiga magoti hemani, na sala haikuja. Alijua la kusema. Alichokosa ni ujasiri wa kulisema. Akinyamaza, darasa litaendelea, na wanawake wengi watasoma. Akisema, kila alichokijenga kitaanguka: heshima, imani ya watu, mahubiri yake yasiyo na maneno. Alijaribu kujishawishi kwamba kunyamaza ni kuwahurumia wengi. Lakini huruma hiyo ilikuwa na sauti anayoifahamu. Ndiyo iliyosema "ataweza". Akasimama.

Wazee walikuwa wameketi kwenye mikeka katika boma la Mzee Abdimalik, Korane akizungumza. Ugbad alikuwa amechuchumaa pembeni na wanawake. Komora alivua viatu, akaomba ruhusa.

"Daktari aliniuliza mimi kama Ugbad anaweza," alisema. "Nilijua hajaweza. Nikasema anaweza. Makosa yake niliyaona siku zote, wala sikumwonyesha hata moja. Kama kuna wa kuondoka, ni mimi."

Korane alimgeukia.

"Wewe ni mutu ya dini," alisema. "Kwa nini ulidanganya?"

"Niliogopa kumwaibisha."

Korane alicheka kicheko kisicho na furaha. "Uliogopa aibu ya msichana moja. Sisi tumezika watu wawili."

Mzee Abdimalik alichora mchanga kwa kijiti chake, akaufuta, akachora tena. Mwishowe akasema, "Maalim, ukweli yako tumesikia. Imekuja kama mvua baada ya ngamia kwisha kufa." Kisha akatoa uamuzi wa wazee. Ugbad na wadogo zake wabaki. Darasa la wanawake lifungwe. Na mwalimu, barabara ikifunguka, aende kwao. Deeq, aliyekuwa ameketi kichwa chini muda wote ule, hakuinua uso hata mwalimu alipompita akitoka.

Barabara ilichelewa kufunguka. Komora alikaa siku hizo kama mgeni katika mahali alipokuwa mwenyeji. Foleni ya maji ilimwachia nafasi pana mbele na nyuma. Asubuhi alikwenda darasani kwa mazoea tu, akaketi chini ya mabati yaliyovuja, akiangalia ubao.

Asubuhi moja kivuli kilianguka mlangoni. Ugbad aliingia, akaketi mahali pake pa zamani. Alikuwa amekonda. Kazi ya zahanati ilikuwa imekwisha, na sasa aliwachotea maji watu wa mtaani. Alitoa daftari lake chini ya shali, akaliweka mezani na kulifungua ukurasa wa kwanza. Alama za vema zilijipanga kutoka juu hadi chini.

"Yote ni uongo?" aliuliza.

"Si yote."

"Ni ipi ya kweli?"

Komora alipitisha kidole kwenye ukurasa. Hata yeye hakuweza tena kuzitofautisha kwa haraka.

"Niliogopa, Ugbad. Mlikataa ile alama. Nikafikiri..."

"Msalaba ndiyo tulikataa, maalim," Ugbad alimkatiza. Sauti yake haikupanda. "Kosa hatukukataa. Kwa dugsi, ukikosea herufi moja, hubiti. Unarudi, unalia, unarudi, mpaka ijue. Wewe uliona sisi hatuwezi kulia? Sisi, maalim? Sisi tumetoka Kismayu na miguu."

Alichukua kalamu juu ya meza, akamtilia mkononi. "Anza mwanzo. Kila moja."

Komora akaanza. Penye kosa aliweka duara, akalisoma kosa kwa sauti, akaeleza kwa nini ni kosa, na Ugbad akarudia mpaka likanyooka. Alipokosea tena, alirudishwa. Duara la kwanza, la pili, ukurasa ukajaa, wakafungua mwingine. Nje wanawake wawili waliobeba madumu walisimama wakatazama, kisha wakaendelea na safari yao.

Walipofika ukurasa wa katikati, Komora alikutana na zoezi la kujibu maswali ya mgonjwa, alilolitungia darasa mwaka uliopita. Majibu ya Ugbad yalikuwa yamepotoka karibu yote, na juu ya kila moja, kwa mkono wake mwenyewe, wino ulikuwa umeandika vema, vema, vema. Chini kabisa alikuwa ameongeza neno la kusifu. Kalamu ikasimama. Akaona tena lile laga na yale maji, akasikia kunong'ona kulikotoka chini ya turubai, na machozi yakaanza kumtoka.

Ugbad alimngoja. Uso wake ulikuwa mkavu. Mwalimu alipojaribu kufuta machozi kwa mgongo wa mkono, tone lilianguka juu ya ukurasa na wino mwekundu ukatanuka, ukaifunika alama moja ya vema mpaka isionekane ni nini.

"Endelea, maalim," alisema msichana.

Akaendelea, akilia, duara baada ya duara, na mwanafunzi aliyemhofia asije akatoa chozi hakutoa hata moja. Hakika, mchelea mwana kulia hulia yeye.